Kura Tatu, Mishahara Miwili: Upendeleo wa Weupe na Siasa Tulizorithi

Hotuba hii niliitoa Tabora mjini, mbele ya walimu, wanafunzi wa vyuo na wazee waliokubali kukaa nasi asubuhi nzima. Waliokosa kufika, hasa wa Nzega, Urambo na Kigoma, wameniomba niiandike. Naiweka yote.

Wazee wangu, walimu wenzangu, vijana wangu, mwangaluka.

Nimeombwa nizungumze juu ya upendeleo wa weupe: ile faida anayoipata mtu kwa sababu ya rangi yake nyeupe, bila kuiomba, na mara nyingi bila kuitambua. Najua wapo mliokuja na shaka. Mtasema hayo ni mambo ya Marekani na Afrika Kusini. Sisi wa Tabora yanatuhusu nini, na Mzungu mwenyewe unaweza kumaliza wiki hujamwona?

Yanatuhusu kwa sababu ni mji huu uliokaa kikao juu ya jambo hili hili, Januari 1958, kikao kikali kilichokaribia kuipasua TANU. Wazee mnakiita kikao cha kura tatu. Vijana mmekariri vitabuni kwamba hapa ulifanyika Uamuzi wa Busara, mkajibia mtihani, mkasahau. Leo naomba tuurudie polepole, maana ndani yake kuna somo zima.

Mwaka 1955 Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika lilipangwa upya. Wawakilishi wa wananchi wakawa 30: Waafrika 10, Waasia 10, Wazungu 10. Waliopanga walisema huo ndio usawa. Kumi kwa kumi kwa kumi, nani alalamike?

Haya, tupige hesabu pamoja. Wazungu wa Tanganyika wakati huo walikuwa kama 20,000. Waafrika tulikuwa zaidi ya milioni 8. Kwa hiyo mjumbe mmoja wa Kizungu aliwakilisha watu wapatao 2,000, na mjumbe mmoja Mwafrika aliwakilisha zaidi ya 800,000. Mzungu mmoja katika baraza lile alikuwa na uzito wa Waafrika 400! Na hakuna aliyetukana mtu. Hakuna aliyeinua kiboko. Lilikuwa jambo la karatasi safi, lenye mhuri wa Gavana.

Hapo ndipo nataka mkae nami kidogo. Wengi wetu tukisikia ubaguzi wa rangi tunamtafuta mtu mbaya. Tunamtafuta bwana shamba mwenye matusi, au polisi mwenye mbwa. Watu hao walikuwepo, na wapo hadi leo. Lakini upendeleo hauhitaji mtu mbaya. Unahitaji kanuni tu, kisha watu wema kabisa watakaa ndani ya kanuni hiyo, watasali Jumapili, watampa mpishi wao zawadi ya Krismasi, na ule uzito wa watu 400 utaendelea kuwa wao.

Ulipofika wakati wa kura, kanuni ikaongezwa. Mpiga kura alitakiwa achague watu watatu kwa mpigo: Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja, Mzungu mmoja. Ukimchagua Mwafrika peke yake, kura yako imeharibika. Na si kila mtu alipiga kura. Palikuwa na masharti ya kipato, ya elimu au ya cheo, na mkulima wa kawaida wa Unyanyembe hakuwamo.

Fikirieni mmekaa katika kikao kile. Mngefanya nini? Mngesusa? Hasira ilikuwa kubwa, na ilikuwa hasira ya haki. Zuberi Mtemvu alikataa kata kata, akatoka TANU, akaunda chama chake, African National Congress. Simlaumu. Mtu aliyeambiwa lazima ampigie kura mtawala wake ndipo na yeye ahesabiwe, akikataa ana sababu. Mwalimu Nyerere alishika upande wa pili: tukisusa, viti vyote vitakwenda kwa chama cha United Tanganyika Party, UTP, kilichokuwa kinapendwa na Serikali ya Gavana Twining, na kanuni itabaki palepale. Tuingie, tuitumie kura tatu kuiua kura tatu.

Wakaingia. TANU ikatafuta Wazungu na Waasia watakaokubali kusimama na kuumaliza upendeleo waliokuwa wanaupata wao wenyewe. Wakapatikana: Derek Bryceson, Bibi Marion Chesham, Sophia Mustafa na wengine. Uchaguzi ukaanza Septemba 1958 ukamalizika Februari 1959, na wagombea wa TANU pamoja na waliokubaliana nayo wakafagia. Tarehe 9 Desemba 1961 bendera ya Uingereza ikashushwa.

Na miezi miwili kabla ya bendera kushushwa, Oktoba 1961, bungeni pakazuka mjadala wa uraia. Walikuwepo wabunge waliotaka uraia uwe wa Waafrika tu. Nyerere akasimama dhidi ya wabunge wa upande wake mwenyewe, akawa tayari kuona Serikali yake inajiuzulu kuliko kuandika rangi katika sheria ya uraia. Kwa nini? Kwa sababu alijua kilichopigwa vita hapa Tabora hakikuwa ngozi ya mtu. Kilikuwa ni kanuni inayosoma ngozi. Kuigeuza kanuni ile iwapendelee weusi kungeiacha hai.

Ndugu zangu, nimekaa hapo muda mrefu kwa makusudi. Sasa tuingie kwenye mishahara.

Baada ya Vita Kuu ya Pili iliundwa tume ya kuangalia mishahara ya watumishi wa serikali katika Afrika Mashariki ya Waingereza, Tume ya Holmes. Ilitoa taarifa yake mwaka 1948. Kanuni yake ilikuwa kwamba mtumishi asiyekuwa Mzungu, akishika kazi ileile kwa sifa zilezile, alipwe tatu ya tano ya mshahara wa Mzungu. Daktari na daktari. Mhandisi na mhandisi. Cheti kimoja, kazi moja, shilingi 100 kwa huyu, shilingi 60 kwa huyu. Ikabidi ije tume nyingine, ya Lidbury, mwaka 1954, ndipo kanuni hiyo ikaondolewa.

Tatu ya tano. Mwanafunzi wa historia ya Marekani anaifahamu sehemu hiyo. Katiba ya Marekani iliyoandikwa mwaka 1787 iliamua kwamba, katika kugawa viti vya bunge, mtumwa ahesabiwe kama tatu ya tano ya mtu. Angalieni faida ilikwenda kwa nani. Mtumwa hakupiga kura hata moja. Kuhesabiwa kwake kuliongeza viti vya jimbo la bwana wake, kwa hiyo kadiri bwana alivyomiliki watu wengi, ndivyo jimbo lake lilivyokuwa na sauti kubwa katika kutunga sheria za kuwamiliki watu.

Mtu ataniambia: mwalimu, hayo yalikwisha. Mshahara wa mwaka 1950 ulishaliwa, tunaukumbukia nini?

Mshahara hauliwi wote. Sehemu inakuwa nyumba. Sehemu inakuwa ada ya mtoto. Ngoja niwapeleke Mississippi.

Mwaka 1944 Marekani ilipitisha sheria ya kuwashukuru askari wake: akirudi vitani asomeshwe, apewe na dhamana ya mkopo ajenge nyumba au aanze biashara. Sheria ile haikutaja rangi popote. Askari mweusi alipigana Ulaya na Pasifiki, alirudi na karatasi zilezile za kijeshi kama mwenzake mweupe. Lakini mkopo ulipitia benki ya mjini kwao, na benki ilikuwa na desturi zake. Mwaka 1947, katika miji 13 ya jimbo la Mississippi iliyochunguzwa, ilikuwa imedhaminiwa mikopo 3,229. Iliyokwenda kwa askari weusi ilikuwa mingapi? Semeni namba yoyote. Ilikuwa miwili.

Miwili! Katika jimbo ambalo karibu nusu ya watu wake walikuwa weusi.

Na huko mijini, tangu miaka ya 1930, mashirika ya serikali yalikuwa yamechora ramani za mitaa na kuipaka rangi nyekundu mitaa ya watu weusi, kumaanisha kwamba kukopesha pale ni hatari. Kwa hiyo askari mweupe alinunua nyumba, nyumba ikapanda bei, akaiweka rehani akamsomesha mtoto, akafa akawaachia. Askari mweusi alipanga chumba, akalipa kodi miaka 30, akafa akawaachia sifa njema. Mwaka 2022 Benki Kuu ya Marekani ilipopima utajiri wa kaya, kaya ya kati ya Wazungu ilikuwa na dola 285,000, na kaya ya kati ya weusi dola 44,900. Mjukuu wa yule askari mweupe hajamwibia mtu. Ninyi mmekulia chini ya miembe ya Tabora, mnaelewa: anayekula embe leo hakuupanda mwembe, na si dhambi kula embe. Lakini asiseme embe limetoka kwenye jasho lake, na asiwaite wavivu wale ambao babu zao walikatazwa kupanda.

Kitu kimoja zaidi kuhusu urithi, kisha niendelee. Uingereza ilipofuta utumwa katika makoloni yake kwa sheria ya mwaka 1833, ilitoa fidia ya pauni milioni 20. Haikwenda kwa watumwa. Ililipwa kwa mabwana, kwa kupoteza mali yao. Mkopo uliotumika kulipa fidia hiyo ulimalizika kulipwa mwaka 2015. Walipa kodi waliokuwa wakiulipa hadi mwaka huo ni pamoja na wajukuu wa watumwa waliohamia London na Birmingham.

Kuna swali ambalo huulizwa kila ninapozungumza haya, na ni swali zuri: mbona wapo Wazungu maskini? Wapo, na ni wengi. Mchimba makaa wa milima ya Appalachia, Marekani, aliyeharibika mapafu hajisikii ana upendeleo wowote. Mmarekani mweusi, W. E. B. Du Bois, msomi mkubwa kabisa, alilijibu hili mwaka 1935. Alisema mfanyakazi mweupe wa Kusini mwa Marekani alilipwa ujira mdogo, lakini akaongezewa ujira wa aina nyingine: heshima ya hadharani. Aliingia mlango wa mbele. Polisi walitoka katika watu wake. Kura yake iliifanya mahakama imtazame kwa upole. Hata akilala njaa alikuwa na uhakika kuna mtu chini yake.

Mnaona hilo linafanya nini katika siasa? Mtu aliyelipwa heshima badala ya mkate ataitetea heshima kwa nguvu zote, kwa sababu ndiyo mali aliyo nayo. Atampigia kura mwanasiasa anayemwahidi kumrudishia nafasi yake, hata kama mwanasiasa huyo anafunga hospitali ya kijijini kwake. Hatakubali kuungana na mfanyakazi mweusi kudai ujira bora, kwa hiyo wote wawili watalipwa vibaya. Marekani ilipitisha Sheria ya Haki ya Kupiga Kura mwaka 1965, ikayazuia majimbo yenye historia ya ubaguzi kubadili taratibu za uchaguzi bila ruhusa ya serikali kuu. Mwaka 2013 Mahakama ya Juu ikaubomoa uzio huo, na baadhi ya majimbo yakaanza mara moja kukaza masharti. Anayesema hayo ni ya zamani atazame tarehe.

Na dunia nzima nayo iliwekwa kwenye msingi huo. Mwaka 1919, kule Paris, mataifa yaliyoshinda vita yalikuwa yanaandika mkataba wa Shirikisho la Mataifa. Japani ikaomba kiongezwe kifungu kidogo kinachotambua usawa wa mataifa. Kura zikapigwa katika tume: 11 kati ya 17 wakaunga mkono. Mwenyekiti, Rais Woodrow Wilson wa Marekani, akaamua kwamba kwa jambo hilo wingi hautoshi, lazima wote wakubali. Kifungu kikafa. Mkataba huohuo, katika ibara ya 22, ukasema kuna watu ambao bado hawawezi kusimama wenyewe katika dunia ya kisasa, na ulezi wao wakabidhiwe mataifa yaliyoendelea. Hao watu ni babu zenu, ninyi mnaonisikiliza. Tanganyika ikakabidhiwa Uingereza kwa maneno hayo. Hadi leo Shirika la Fedha la Kimataifa, ambalo maamuzi yake yanafika mpaka kwenye bei ya mbolea Sikonge, halijawahi kuwa na mkurugenzi mkuu wa kudumu asiyetoka Ulaya.

Wapo wazee wananitazama kwa jicho ninalolijua. Mnataka kuniuliza: mbona misafara ya watumwa iliyopita hapa Kazeh, Tabora ya zamani, haikuwa ya Wazungu? Ni kweli. Wafanyabiashara wa Kiarabu walikuwa hapa, na watemi wetu wengine walishiriki na kutajirika. Hilo ni letu, na linastahili kikao chake kizima, nami nitakuja mkiniita. Halifuti la leo.

Sasa nafika kwenye lile linaloniuma zaidi. Kanuni zinafutwa, lakini kuna kitu kinabaki: nani anaaminiwa.

Mnaijua Kwihara, pale kwenye tembe alilokaa David Livingstone. Alifariki Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, katika nchi ambayo sasa ni Zambia. Watu wake, wakiongozwa na Abdullah Susi na James Chuma, walikaa shauri. Wakauzika moyo pale, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakaufunga, wakaubeba kwa miguu kwenda Bagamoyo. Njia yao ilipita hapa Unyanyembe. Hapa wakakutana na msafara wa Kiingereza wa Luteni Verney Lovett Cameron. Cameron akawashauri wauzike mwili hapahapa. Wakakataa. Watu wasio na cheo wala jeshi walimkatalia ofisa wa Kiingereza, katika ardhi hii, kwa sababu walikuwa wameamua. Cameron akachukua vyombo vya kupimia vya marehemu. Wao wakaendelea na mwili, wakafika pwani Februari 1874.

Aprili mwaka huo Livingstone akazikwa Westminster Abbey, London. Katika wale waliobeba mwili, aliyekuwepo mazikoni ni Jacob Wainwright. Susi na Chuma waliletwa Uingereza baadaye, mazishi yamekwisha. Na jiwe la kaburi limeandikwa kwamba mwili uliletwa na mikono mwaminifu, kuvuka bara na bahari. Mikono! Safari ya zaidi ya kilomita 1,500, uongozi, uamuzi, ubishi wa Tabora, vyote vikawa mikono isiyo na jina.

Ndugu zetu wa Kigoma wanao mfano wa karibu zaidi. Gombe inajulikana duniani kwa kazi ya Jane Goodall ya kuwachunguza sokwe, aliyefika Julai 1960, na kazi yake ni kubwa kweli. Lakini Mei 1975 vijana wanne wa kigeni waliofanya kazi ya utafiti hapo walitekwa na waasi waliotoka ng'ambo ya ziwa, watafiti wa kigeni wakaondolewa. Nani aliingia msituni kila asubuhi kuwafuata sokwe na kuandika? Hilali Matama na Watanzania wenzake. Kumbukumbu za Gombe zisingekuwa na mfululizo wake bila wao. Waulizeni watoto wa shule za Kigoma kama wamewahi kulisikia jina la Hilali Matama.

Mwaka 2004 ilichapishwa kazi ya wachumi wawili, Marianne Bertrand na Sendhil Mullainathan. Walituma maombi ya kazi karibu 5,000 Boston na Chicago. Wasifu uliolingana kwa sifa, majina tofauti: wengine wakaitwa Emily na Greg, wengine Lakisha na Jamal. Majina yanayosikika ya Kizungu yaliitwa kwa asilimia 50 zaidi. Mtu alikataliwa kabla hajaonekana uso.

Mtasema waajiri wa Chicago ni wabaguzi. Na sisi je? Nilikaa katika kikao cha mradi wa maji, kata moja ya mkoa huu. Fundi wetu, mtu wa miaka mingi kazini, alieleza kwamba kisima kikichimbwa mbugani kitakauka Oktoba, kisogezwe juu. Watu wakamsikiliza wakipiga miayo. Baadaye kijana wa kujitolea kutoka Ulaya, aliyekuwa amemaliza chuo mwaka huohuo, akasimama akasoma mambo yaleyale kwenye maelezo aliyoandikiwa na fundi. Makofi! Muhtasari ulipokuja, ushauri ule uliandikwa jina la kijana. Hakuna Mzungu aliyeuandika muhtasari ule. Aliuandika katibu wetu, kwa mkono wake, na sisi tukauthibitisha kwa kauli moja.

Na dada zetu wanaochanganya mkorogo na kuunguza nyuso zao, msiwacheke. Wamesoma sawasawa namna dunia inavyogawa heshima. Anayetaka waache awaonyeshe kwanza ofisi ambako mweupe na mweusi wanangoja foleni moja.

Ninachowaomba ni vitu vya kufanyika. Madiwani mliopo: mradi wowote unaoingia katika kata yenu, ombeni viwango vya mishahara ya wenyeji na wageni kwa kazi ileile, mviweke wazi mbele ya wananchi. Holmes alikufa, lakini tatu ya tano anayolipwa mwenyeji kwa kisingizio cha soko la ndani ni ndugu yake. Makatibu wa vikao: andikeni jina la aliyetoa wazo la kwanza. Wanafunzi mnaofanya kazi ya ukalimani na ukusanyaji takwimu kwa watafiti wa nje: kabla hamjasaini, ulizeni majina yenu yatakaa wapi katika chapisho, na mkubaliane kwa maandishi.

Na lile la mwisho tunaanza nalo leo hii. Pale mezani kuna daftari. Mzee yeyote ambaye babu au bibi yake alikuwa mpagazi, karani, mpishi, fundi wa reli au msaidizi wa mtafiti, aandikishe jina lake, kazi aliyofanya, alimfanyia nani, na ujira aliolipwa kama familia inaukumbuka. Walimu wawili watakaa hapo hadi saa nane. Maswali nitaanza na wanafunzi. Yule binti wa nyuma aliyenyoosha mkono tangu nilipotaja Mississippi, simama, mwanangu, uulize.